Siku Tuliyompa Mzee Mgongo

Watu wa Kamembe wakikwambia kwamba injini ya ndege yetu ilichemka kwa sababu ya bati langu, waulize siku hiyo walikuwa wamekaa upande gani. Mimi bati nimelikunja tangu nina miaka kumi, nikimshikia baba yangu ncha ya pili ya karatasi la bati wakati yeye anakata. Nimetengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, mabomba ya mvua, masanduku ya wanafunzi, na bati halijawahi kunidanganya. Wanaonidanganya ni watu.

Ndege ilikuwa ya mume wangu. Yeye ni fundi wa injini za boti, mtu mpole ambaye ukimtukana anakuuliza kama umekula. Miaka saba aliijenga nyuma ya karakana yetu, kwenye uwanja unaoshuka kuelekea ziwani, ubao kwa ubao na bomba kwa bomba. Mbawa tuliziweka kwenye veranda, na kwa miaka miwili wageni waliokuja kwetu walikuwa wanapita chini yake kwa kuinama. Nilikasirika mara nyingi. Nilimwambia nimeolewa na mwanaume, nimejikuta nalala na kiwanda. Akacheka, akaendelea kupiga msasa.

Injini aliipata kutoka kwenye gari dogo la mbio lililokuwa limekufa Bukavu. Si injini kama zile mnazozijua. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna chuma chenye pembe tatu, kimevimba mbavu kama sambusa, kinazunguka ndani ya chungu chake bila kupumzika. Juu ya hiyo akafunga turbo, yaani kifeni kinachosukumwa na moshi wenyewe unaotoka, ili injini ilazimishwe kumeza hewa nyingi zaidi. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inahema kama mtu aliyepanda kutoka bondeni Bugarama kwa miguu.

Tatizo la injini ya namna hiyo ni joto. Ikila sana inachemka, na ikichemka ukiwa hewani huna pa kuiegesha. Ndiyo maana nikaingia kazini. Nilikunja mdomo wa bati jepesi chini ya pua ya ndege, unaomeza hewa ya mbele, unaipeleka kwenye rejeta inayopoza maji ya injini, kisha unaitolea nyuma chini ya tumbo. Nilipomaliza niliugonga kwa kidole, ukalia vizuri. Niliridhika, na mimi si mtu wa kuridhika upesi.

Karatasi za ruhusa ya kuruka zilikuwa na safari yake ndefu ya kwenda Kigali. Lakini kabla ya Kigali kulikuwa na Mzee.

Mzee ni baba mkwe wangu. Jina lake sijawahi kulitamka, na sitaanza leo. Mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe. Alikuwa fundi viatu, sasa amestaafu, anaishi nyumba ya tatu juu ya barabara, na uwanja tulimojengea ndege ni wake. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Yule mkubwa alifia kwenye kona za kushuka Nyakabuye, juu ya pikipiki iliyotengenezwa breki asubuhi hiyohiyo na haikujaribiwa na mtu yeyote. Aliwasha akaondoka. Mzee alikuwa bafuni anaoga, akasikia mlio tu ukipotea barabarani. Basi. Huo ndio mwisho wa mwanawe kwake, mlio wa pikipiki.

Kwa hiyo siku mume wangu alipomwambia kwamba ndege imekaribia kwisha, Mzee hakupiga kelele. Alitoa sharti lake.

"Nitakuja mara tatu," alisema. "Nione na macho yangu. Nusu saa nzima, bila kuzima, bila kuchemuka. Mara ya tatu ikichemuka, munatoa injini mu ile kitu, munaiweka ku mashini ya kusaga. Na ile kitu, tunaichana kuni."

Mume wangu akasema ndiyo, Papa. Na mume wangu akisema ndiyo kwa baba yake ni kiapo. Nilijua kwamba miaka saba ya maisha yake imewekwa mezani, na kwamba inategemea mdomo wa bati niliokunja mimi. Sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia amtume mtu akamwite Mzee wiki ileile.

Lazima nieleze uwanja ulivyo. Juu kuna nyumba yetu na veranda yake. Chini kuna mkaratusi mmoja mkubwa, na baada ya mkaratusi ardhi inateremka mpaka ziwani. Ndege ilikuwa inasimama katikati. Siku zote pua yake ilitazama ziwani, na mkia ulifungwa kwa waya wa chuma kwenye fremu ya lori bovu iliyoachwa karibu na veranda. Hivyo ndivyo mume wangu alivyoizoea, na hivyo ndivyo tulivyoiwasha mara nyingi saa moja asubuhi, sisi wawili tu, yeye kwenye kiti, mimi nimesimama pembeni ya bawa natazama bati langu linavyotetemeka. Panga la puani lilikuwa linazunguka, injini inanguruma mpaka sahani zinacheza kabatini. Joto lilikuwa linapanda, linafika mahali pake, linatulia. Nusu saa, dakika arobaini, hakuna neno.

Siku Mzee alipokuja mara ya kwanza ilikuwa saa tisa mchana, baada ya usingizi wake. Tulifanya kila kitu kwa heshima. Nilifagia uwanja, nikamwagia maji vumbi lilale. Kiti chake cha mbao kikawekwa chini ya paa la veranda, penye kivuli. Na kwa sababu baba hapewi mgongo, sisi wawili na majirani wanne tuliishika ndege mbawa na mkia, tukaigeuza, pua ikamtazama Mzee. Mkia tukaufunga kwenye mkaratusi. Jirani mmoja alileta mipira ya kufungia mizigo, ile tunayochana kutoka kwenye chubu za magurudumu, akidhani ndege inafungwa kama kreti za bia kwenye pikipiki. Mume wangu akamshukuru, akatumia waya wa chuma.

Naomba unielewe: hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri mara mbili juu ya kuigeuza. Ilikuwa kama kuvua kofia. Hata kama mtu angetuuliza kwa nini, tungemshangaa yeye.

Injini ikawaka. Dakika ya kumi na moja mshale wa joto ukavuka mstari mwekundu, mvuke ukatoka, maji ya kijani yakamwagika chini kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Mume wangu akazima. Mzee akainuka, akachukua fimbo yake.

"Moja," akasema, akaenda nyumbani.

Uwanja wote ukageuka kunitazama mimi. Sikutegemea. Mama mmoja anayevusha mchele pale mpakani Rusizi II, ambaye mbabula yake niliitengeneza kwa mikono hii, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba bati ni la jikoni, na ndege ni mambo ya wenye shule. Damu ilinichemka kuliko ile injini. Nilimwambia basi kesho apikie kwenye shule. Lakini usiku nililala macho wazi, na asubuhi nikaufungua mdomo wangu wa bati, nikaupanua kwa vidole viwili, nikazipinda upya kingo zote. Mume wangu naye akabadilisha pampu ya maji. Tukaijaribu saa moja asubuhi, sisi wawili. Dakika arobaini, mshale umetulia tuli.

Mara ya pili Mzee akaja, kivuli kilekile, kiti kilekile. Tukaigeuza tena, tukaifunga kwenye mkaratusi. Dakika ya kumi na nne ikachemka.

"Mbili," Mzee akasema. Safari hii hakuondoka mara moja. Alimtazama mwanawe akishuka kutoka kwenye kiti huku anajipangusa jasho, akamtazama sana, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Niliona kwamba hafurahi kushinda. Hilo liliniuma zaidi ya maneno ya majirani.

Baada ya hapo ikawa kicheko cha mtaa. Asubuhi inanguruma, mchana mbele ya watu inachemka. "Hii ndege iko na haya," yule mama wa mchele alisema. "Ikiona bantu inatoka jasho." Mwingine akasema kuna jicho baya, tuite mtu wa dua. Mume wangu alikuwa amekwisha kuvunjika moyo. Nilimkuta jioni amekaa ndani ya ndege na mikono magotini, hagusi kitu. Nikamwambia ashuke aje ale. Akasema, "Labda Papa iko na haki, Maman," maana ndivyo anavyoniita. Nilitamani kumpiga na nyundo ya mpira.

Siku tano kabla ya mara ya tatu, nilikuwa nikijaribu mbabula mpya. Mteja wangu hulipia moto, halipii umbo, kwa hiyo kila mbabula ninaiwasha mwenyewe kabla haijatoka. Ilikuwa mchana, saa tisa na kitu, na nilikuwa nimeiweka pale uwanjani na kimlango chake cha chini kikitazama nyumba, kwa sababu nilikaa upande huo. Mkaa ukagoma. Moshi ukanijaa machoni, majivu yakarudi usoni kwangu. Nikaigeuza kwa mguu bila hata kufikiri, kimlango kikatazama ziwani, na mkaa ukashika papo hapo.

Kila mwanamke wa huku anajua hilo. Asubuhi hewa imelala. Mchana upepo unapanda kutoka ziwani, na mbabula unaigeuzia mdomo upepo unakotoka, ama sivyo unakula moshi. Nimelifanya maisha yangu yote. Nilibaki nimechuchumaa na koleo mkononi, natazama mbabula, natazama ndege, natazama mbabula. Halafu nikacheka peke yangu mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

Kila Mzee alipokuja, tuliigeuza injini ikaupa upepo makalio. Hewa ya moto iliyokuwa inataka kutoka nyuma ilikuwa inasukumwa irudi mbele, inagonga ukuta wa nyumba, inarudi kwenye mdomo wangu wa bati. Tulikuwa tunaipa injini hewa ambayo imekwisha kuitumia. Heshima yetu ndiyo iliyoichemsha. Bati langu halikuwa na kosa lolote, na nilifurahi kiasi kwamba nilimaliza ile mbabula kwa kuimba.

Furaha iliishia kwa mume wangu. Alielewa upesi, ni fundi, hakuhitaji maelezo marefu. Lakini alipoelewa akatikisa kichwa.

"Maman, hapana. Siwezi kumuwekea Papa mukia ku uso. Na ule upepo wa panga, na vumbi. Bantu batasema nini?"

"Basi aje asubuhi, hewa ikiwa imelala."

"Asubuhi anaendaka misa, anarudi, analala. Unamujua. Alisema atakuja saa yake."

"Basi akae upande wa ziwa, aione pua."

"Akae fasi gani? Pale kwa jua, ku mteremko, na magoti yake?"

Tulibishana siku mbili. Alitaka kuondoa ukuta, alitaka kuongeza feni ya umeme, alitaka kila kitu ila kumgeuzia baba yake mgongo. Mwishoni nilikasirika kabisa. Nilimwambia kwamba miaka miwili nimepita chini ya mbawa zake nimeinama, na sitakubali ziishe kuwa kuni kwa sababu ya adabu. Nikamwambia kwamba lawama nitaibeba mimi. Mimi si damu ya Mzee. Wakisema mkaza mwana hana adabu, watakuwa wamesema jambo ambalo majirani walishalisema siku nyingi.

Siku ya mara ya tatu niliamka kabla ya mume wangu, nikaiacha ndege ilivyo: pua ziwani, mkia kwenye fremu ya lori. Nikafagia, nikamwaga maji ndoo sita. Kiti cha Mzee nilikiweka palepale kwenye kivuli, kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Kilikuwa hatua kama ishirini nyuma ya mkia, pembeni kidogo. Nilikuwa na uhakika wa upepo, wa bati, wa maji, wa kila msumari. Kitu kimoja tu sikuwa na uhakika nacho, namna nitakavyomtazama Mzee usoni.

Alikuja na fimbo yake na koti lake la rangi ya kahawia, lile la kanisani. Watu walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Alipoona mkia umemtazama alisimama. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Nikajikaza kisabuni. Nilimwendea, nikapiga goti, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikasema, "Papa, ni miye niliiweka hivi. Upepo unatoka ku ziwa. Tukikuonyesha uso wake, inachemuka. Kama kuna kosa, ni langu, si la mwana wako."

Mzee alinitazama, akatazama mkaratusi ukiinama kuja kwetu, akatazama mkia. Wajukuu zake waliokuja naye wakaanza kumbebea kiti kukipeleka upande wa ziwa, na mtu akakimbia kutafuta mwavuli wa kumkinga jua. Mzee akagonga fimbo chini.

"Muache kiti fasi yake," akasema, akakaa.

Nilidhani amekasirika, anataka kutuonyesha tunavyomdharau. Wote tulidhani hivyo. Mume wangu alinitazama kutoka kwenye kiti chake cha ndege, nami nikamwonyesha kidole gumba, washa.

Ikawaka. Dakika kumi za kwanza ilikuwa kwa mwendo mdogo, na mimi nikasimama pembeni ya bawa, nimenyoosha kiganja nyuma ya tundu la bati kuhisi hewa inayotoka. Ilikuwa ya moto na ilikuwa inakwenda, haisiti, haigeuki. Dakika ya kumi na moja ikapita. Ya kumi na nne ikapita. Mume wangu akaongeza moto, turbo ikaanza kupiga mluzi wake mwembamba, waya wa chuma ukakaza mpaka fremu ya lori ikalia. Dakika tano za mwisho alisukuma mpaka mwisho. Bomba la moshi likawa jekundu, nyasi zikalala chini zote, na mume wangu akaninyooshea vidole kunionyesha joto: mshale umesimama mahali pake, hauendi popote.

Hapo ndipo nilipogeuka kumtazama Mzee. Ndoo zangu sita za maji zilikuwa zimekauka zamani. Vumbi lilikuwa linamwendea moja kwa moja. Majirani wote walikuwa wamejificha nyuma ya nyumba, yule mama wa mchele amejifunika kitenge kichwani, na Mzee alikuwa amekaa peke yake, kofia ameikumbatia kifuani, koti linapigapiga, macho ameyafinya lakini hakuyafumba. Hakuwa anatazama mkia. Alikuwa anatazama kisogo cha mwanawe, kilichokuwa kinaonekana juu kidogo ya kiti.

Nusu saa ikaisha. Mume wangu akapunguza, akaiacha ipoe, akazima. Masikio yalikuwa yanalia. Watu wakapiga makofi, na mimi, sitasema uongo, nilitafuta uso wa yule mama wa mchele kabla ya kitu kingine chochote. Alinipungia kitenge chake. Nilijiona mkubwa kama mnara wa simu.

Kisha nikachukua maji na kitambaa nikamwendea Mzee. Alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Mume wangu alikuja mbio, akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha kwa ule mkia, kwa lile vumbi, kwa kumpa baba yake mgongo nusu saa nzima mbele za watu.

"Acha," Mzee akasema. "Ukipanda mu hewa nitakuona mugongo tu. Nilitaka nizowee." Akanawa uso polepole kwenye maji yangu. "Mukubwa wako alienda, sikumuona ata mugongo. Weye nitakuona."

Akampa mwanawe mkono, naye akamsaidia kusimama. Hakusema "tatu."

Na mimi nikabaki na beseni mikononi. Siku zote hizo nilikuwa nimepigania bati langu. Nilitaka injini isichemke, nilitaka watu wafunge midomo, nilitaka kushinda, na nimeshinda. Haikuwahi kunijia hata siku moja kwamba nikishinda, mume wangu ataruka. Mzee alikuwa amelijua tangu mwanzo, ndiyo maana alikuja mara tatu. Aliyekuwa hajazoea ni mimi.

Mzee alivua koti lake akanipa. Nililipeleka nyuma ya nyumba, nikalitundika kwenye kamba, nikalipiga kwa ubao. Vumbi lilitoka jingi, na nikalia mpaka koti likawa safi.